Sura ya Nne: Kupiga Msuli

Mwaka wa pili chuoni nililala kitanda cha juu cha dabodeka. Aliyelala chini yangu alikuwa na desa la takwimu, kurasa sitini na kitu, kopi ya kopi mpaka herufi zimeanza kupotea, na siku tatu mfululizo, UE, mtihani wa chuo, ukiwa umekaribia, kila nilipochungulia lilikuwa limefunguliwa ukurasa wa 14. Kalamu ya njano ilishapita juu ya kila mstari wa ukurasa ule. Kisha ya kijani ikapita juu ya njano. Pembeni kulikuwa na kikombe cha chai ya maziwa iliyofanya utando, na simu iliyolazwa kifudifudi, ambayo kila baada ya muda iligeuzwa, ikatazamwa, ikalazwa tena.

Usiku wa tatu, kama saa nane hivi, nikamsikia anahema kama mtu aliyetoka kupanda ngazi.

“Mwanangu, hujalala?”

“Napiga msuli.”

“Umefika wapi?”

Akanyamaza kidogo. “Nimekaa hapa tangu saa mbili.”

Nilimuuliza amefika wapi, akanijibu amekaa muda gani. Wala sikuona ajabu. Mimi mwenyewe ningejibu hivyo hivyo. Tulihesabu saa za kukaa kama mkulima anavyohesabu magunia, na aliyekaa muda mrefu kuliko wote kimbwetani ndiye tuliyemwonea wivu, hata kama magunia yake yalijaa pumba.

Kwa asiyejua, kimbweta ni meza ya zege na mabenchi yake ya zege, vilivyojengwa nje, aghalabu chini ya miti. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vimbweta ni sehemu ya maisha ya mwanafunzi kama ilivyo maktaba. Zege halina huruma na makalio ya mtu. Hata hivyo watu hukaa juu yake kuanzia jioni hadi alfajiri, na anayeinuka kunyoosha miguu hutazamwa kama askari anayetoroka vita.

Neno lenyewe la kupiga msuli, yaani kusoma kwa bidii, lina kichekesho. Msuli ni nyama ya mwili inayovuta mfupa. Msuli pia ni ile nguo anayojifunga mwanamume kiunoni akishaoga jioni. Uliokote kwenye nyama au kwenye nguo, yote sawa: anayepiga msuli hajatikisa msuli hata mmoja tangu saa mbili usiku, ukiacha ule wa kidole gumba.

Hatukuanzia hapo. Mtoto aliyepita shule ya msingi ya serikali Tanzania anaujua mchakamchaka: umande bado uko kwenye nyasi, mstari mrefu wa watoto unakimbia kuzunguka shule, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Baada ya hapo fagio, dumu la maji, bustani ya shule. Nyumbani kuna kisima, kuni, na mdogo wako mgongoni. Sekondari ya bweni ina zamu za usafi na kufyeka. Wanaomaliza kidato cha sita wakaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013, hupigishwa kwata na kukimbizwa kabla jua halijatoka. Halafu baada ya muda mfupi tu kijana huyo huyo yuko kwenye kiti. Bodaboda inamtoa hosteli hadi darasani, maji yako bombani, hakuna anayempulizia filimbi. Sililii dumu la maji. Limewanyima wengi muda wa kusoma, wasichana hasa. Ila kilichokuwa kikiutikisa mwili mara kumi kwa siku kimeondoka bila kuaga, na mahali pake hapajawekwa kitu.

Sasa tumtazame yule bwana wa ukurasa wa 14, saa nane usiku. Anawaza mtihani. Mwili una king'ora kimoja, hicho hicho cha chui na hicho hicho cha takwimu. Juu ya kila figo ipo tezi ndogo iliyokaa kama kofia. King'ora kikilia, tezi hizo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache, na kotisoli hufuata dakika kadhaa baadaye. Moyo unaongeza kasi. Ini linaachia sukari iingie kwenye damu. Tumbo linapunguziwa damu ili misuli mikubwa ya mapaja na miguu ipate zaidi. Yote hayo ni maandalizi ya kazi mbili tu, kukimbia au kupigana, naye amekaa kitandani. Miguu imeletewa sukari, lakini imekunjwa. Ndiyo maana alikuwa akihema vile: mwili ulishapandishwa ngazi, mwenyewe hajaondoka alipo.

Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Marekani aliyeanza kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara huko Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, alichapisha mwaka 1994 kitabu kizima juu ya jambo hili, na kwenye jina la kitabu akamweka pundamilia. Alikuwa na sababu. Pundamilia akikurupushwa na simba hukimbia kufa na kupona. Akipona, haupiti muda anarudi kwenye majani yake, na king'ora kimezimwa. Binadamu anaweza kukiwasha kwa kumkumbuka simba wa jana, au kwa kumtunga simba wa Alhamisi ijayo, kisha akakiacha kinalia mwezi mzima. Wale nyani nao walikuwa na somo lao. Chakula walikipata kwa saa chache za siku, muda uliobaki wakasumbuana, na katika kundi lililokwisha kupangana wakubwa na wadogo, kotisoli iliwazidi wale wa chini. Aliyewahi kuwa kidato cha kwanza kwenye shule ya bweni hahitaji kuelezwa zaidi.

Kiswahili kimeiita hali hii msongo, na nadhani hatujawahi kulitazama neno hilo vizuri. Kusonga ni kubana: watu wanasongana kwenye mlango wa daladala. Kusonga ni kwenda mbele. Na kusonga ni kile anachofanya mpishi wa ugali, ambaye mwiko wake ukisimama katikati ya kazi, unga unashika chini na madonge yanabaki juu. Kitendo kimoja, na tofauti kati ya kubanwa na kuiva ni kama mwiko unatembea.

Mwenye haraka atasema basi, tatizo ni kukaa, tusikae. Mambo hayako hivyo, na ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka hapa hapa kwetu, kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2020 watafiti walioongozwa na David Raichlen wa Chuo Kikuu cha Southern California walichapisha matokeo yao juu ya Wahadzabe. Waliwavalisha vifaa vidogo pajani, vya kurekodi mwili uko katika hali gani mchana kutwa. Hawa ni watu wanaowinda, wanachimba mizizi, wanarina asali. Ungetegemea hawana nafasi ya kupumzika. Ikaonekana kwamba wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, kiasi kisichopishana sana na cha watu wa nchi za viwanda. Hata hivyo vipimo vya moyo na damu yao havina dalili za maradhi tuliyozoea kuyabebesha kiti.

Siri ilikuwa kwenye namna ya kupumzika. Mhadzabe anachuchumaa, anapiga magoti, anakaa chini. Watafiti walipopima misuli ya miguu wakakuta kwamba anayechuchumaa, misuli yake inaendelea na kazi ndogo ndogo muda wote, wakati ya anayeegemea kiti imelala fofofo. Maelezo yao ni kwamba mwili wa binadamu ulizoea mapumziko ya namna ile kwa vizazi na vizazi, ndipo kikaja kiti chenye mgongo na mto.

Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi kwenye mbuzi ya nazi. Goti moja huku, jingine kule, kifuu kinazunguka mkononi, kiwiliwili chote kinafuata. Ungemwuliza anafanya nini angekwambia amekaa. Nikawakumbuka na watoto wa chuo. Pwani, neno chuo kabla halijavaa joho la digrii lilikuwa, na hadi leo ni, mahali mtoto anaposomea Kurani. Wanakaa mkekani, wanayumba mbele na nyuma kwa mdundo wa wanachokisoma, na mwalimu akimwona mmoja ametulia tuli anajua huyo kasinzia. Chuo cha zamani kilisoma na mgongo, kiuno na sauti. Chuo kipya kimeamua kwamba adabu ni kutulia, na maktaba zake zimebandikwa “Kimya” kila ukuta.

Kiti nacho kina rekodi yake, nisije nikaonekana nakitetea. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mchana kutwa kukatisha tiketi. Mwajiri mmoja, barabara zile zile, lakini maradhi ya moyo yaliwakamata madereva zaidi. Baadaye Morris akapekua hadi vipimo vya sare, akakuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni. Hilo mpanda daladala wa Mbagala angemweleza bila utafiti, kwa kumtazama konda na kumtazama dereva. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Mwanafunzi wa miaka 21 humsumbui kwa habari za moyo wa mtu mzima. Kinachomhusu leo ni kichwa. Utafiti mmoja wa Liverpool wa mwaka 2018 uliwakalisha wafanyakazi wa ofisini saa 4 mfululizo, na damu inayokwenda kwenye ubongo ikapungua. Siku walipoinuka kutembea dakika 2 kila nusu saa, haikupungua. Walikuwa watu 15 tu, na sijengi nyumba juu ya watu 15. Lakini dakika 2 ni mwendo wa kwenda bombani na kurudi, bei ambayo mtu anaweza kulipa hata akiwa na mashaka.

Tuje kwenye mawazo yenyewe. Katika Kiswahili mtu mwenye fikra ni wa kusikilizwa, lakini ukisema mtu “ana mawazo” umeshatoa taarifa ya ugonjwa. “Amekonda kwa mawazo.” “Mwache, ana mawazo.” Tofauti hiyo tumeibeba mdomoni miaka yote. Kufikiri kuna swali lenye mwisho: nianze mada ipi, nimwone nani, lini. Kuwaza kwa yule wa kitanda cha chini hakukuwa na swali la kujibika. Kwa nini mimi ndiye sielewi? Wenzangu wanaonaje? Nikidisko, nikaondolewa chuo, nyumbani nitasema nini? Ng'ombe akicheua, anarudisha majani ili ayasage vizuri na yamfae. Huyu alikuwa anacheua kitu kile kile saa sita mfululizo, na kila kilipopanda kilikuwa kizima.

Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Marekani, aliitumia kazi yake karibu yote kuchunguza tabia hii, na bahati mbaya moja ilimpa jaribio ambalo hakuna awezaye kulipanga. Mwaka 1989 alikuwa amewahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford namna wanavyoipokea huzuni: nani hukaa akaichambua tena na tena, nani hutafuta la kufanya. Siku 14 baadaye, tarehe 17 Oktoba, tetemeko kubwa la ardhi la Loma Prieta likaitikisa California ya kaskazini. Akawarudia wanafunzi wale wale siku 10, kisha tena wiki 7, baada ya tetemeko. Waliokuwa na tabia ya kukaa na kuchambua huzuni yao ndio waliokutwa na dalili zaidi za sonona, hata baada ya kuzingatia hali waliyokuwa nayo kabla ya tetemeko.

Nilichofanya usiku ule wa saa nane hakikuwa hekima, nilikuwa na njaa tu. Nikashuka kitandani nikamwambia, “Vaa ndala, twende getini tukale chipsi.” Akakataa: ana mtihani, hana muda. Nikamwambia ukurasa wa 14 utamsubiri, haujakwenda popote siku tatu. Hilo lilimuudhi kiasi cha kuvaa ndala.

Kutoka bwenini hadi getini ni mwendo wa dakika ishirini, njia ya lami yenye miti huku na huku na taa moja inayowaka kati ya tatu. Nusu ya kwanza hakusema neno. Tulipopita uwanja wa mpira akaanza, bila kunitazama, maana watu wanaotembea bega kwa bega hawalazimiki kutazamana. Bumu lake, ile fedha ya mkopo, halikuingia tangu muhula uanze. Jina lake lilikuwa na kasoro kwenye orodha, herufi moja tu. Mama alipiga simu Jumapili, mdogo wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ya shule, na mama anaamini mwana aliye chuo kikuu ana hela. Hakuwa na namna ya kumwambia kwamba yeye mwenyewe anakula mlo mmoja. Takwimu hazikuwa zimeanza hata kutajwa.

Kwa hiyo niseme hili kabla msomaji hajanitangulia. Matembezi hayalipi ada. Anayemhubiria mwanafunzi mwenye njaa akimbie asubuhi kwa ajili ya afya ya akili amekosa adabu, na vyuo vinavyobandika mabango ya “punguza msongo” kwenye ofisi zile zile zinazoichelewesha fedha ya mwanafunzi vingeanza na fedha. Tena yapo mawazo ambayo yamevuka mpaka wa mazungumzo ya njiani. Mwenzako akipita wiki mbili halali, hali, haogi, au akikwambia ni heri asiwepo, usimpe ushauri wa sura hii. Mshike mkono umpeleke hospitali au kwa mshauri nasaha siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake njiani.

Lakini kwa yule wa ukurasa wa 14, kutembea kulifanya kazi moja ambayo kiti kilishindwa: kulilitenganisha tatizo na tatizo. Pale kitandani takwimu, mama, mdogo wake na herufi iliyokosewa vilikuwa donge moja. Mezani kwa muuza chipsi, akila kwa mkono wa kulia, alinyang'anya kalamu yangu kwa wa kushoto akaandika nyuma ya risiti: “Jumatatu, saa tatu, dirisha la mikopo. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho.” Mstari wa pili: “Mama, leo jioni. Mwambie ukweli.” Baada ya hapo akauliza kama kuna pilipili.

Miaka mingi baadaye nilikutana na maelezo ya kile nilichokiona kwenye ile risiti. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba jambo lisilomalizika huingilia kichwa wakati mtu anasoma kitu kingine, na kwamba si lazima limalizike ndipo lipoe. Ukiliandikia mpango wenye siku, saa na mahali, linapungua usumbufu. “Nitashughulikia” haihesabiki kuwa mpango. Dirisha la mikopo Jumatatu saa tatu inahesabika.

Na njia nayo ina neno lake. Gregory Bratman na wenzake, mwaka 2015, waliwatembeza watu dakika 90, wengine kwenye nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wa kwenye miti walirudi wakiwa wamepunguza kucheua mawazo mabaya juu ya nafsi zao. Wa kando ya magari walirudi kama walivyokwenda. Kama chuo chako kina njia mbili za kufika getini, pita ile ndefu yenye miembe.

Kwenda getini na kurudi, kwa mwendo wetu, kulikuwa dakika arobaini. Mara nne kwa wiki ni 160. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kuutikisa mwili kiasi cha kutosha, na hausemi popote kwamba ni lazima avae raba. Tulikwenda usiku ule, tukaenda tena usiku uliofuata, kisha ikawa desturi hata bila chipsi. Tulikwenda na madesa tumeyakunja mfukoni. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, na asiyejua anasimama chini ya taa kusoma.

Sitadanganya kwamba aliukamata mtihani. Siku mbili zilizobaki hazikutosha kuvuka kurasa zilizobaki, na takwimu zikamwangusha. Fedha yake ilirekebishwa mwezi uliofuata. Likizo ya kusubiri sapu, mtihani wa marudio, aliimalizia chuoni, akisoma huku anazunguka uwanja wa mpira asubuhi na jioni, desa mkononi, anasema peke yake kwa sauti, na walinzi wakaulizana kama yule kijana ni mzima. Sapu aliifanya Septemba. Alipata C, maana chuoni kwetu sapu haikuwa inatoa zaidi ya hapo.